Gundi ya Bi Mwanahawa

Jumatatu, tarehe 10 Machi 2025. Asubuhi ilianza na manyunyu. Milima ya Uluguru haikuonekana kabisa. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba ya juu ya Bigwa, na hewa ilikuwa nzito kama nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka. Katika kazi yetu siku ya namna hiyo tunaijua: vanishi itachelewa kukauka, na ikikauka itakuwa na ukungu mweupe.

Kazi yetu ni kufunga vyambo vya kuvulia samaki. Sisemi vyambo vya minyoo. Tunachukua ndoano, tunaivisha uzi, manyoya ya jogoo na nywele za mkia wa mbuzi, mpaka inafanana na mdudu au kisamaki kidogo, na samaki anadanganyika. Wanaovinunua ni wageni wanaovua kwa kujifurahisha. Wengi wao wakishamkamata samaki wanampiga picha, kisha wanamrudisha majini. Mwenzetu Angelina akisikia habari hiyo hurudia neno lile lile: "Mimi nikimrudisha samaki mtoni, mume wangu naye ananirudisha kwetu."

Chumba chetu kiko nyuma ya nyumba ya Bwana Twalibu, ambaye alijifunza ufundi huu Kenya akaja kuufundisha hapa Bigwa. Tuko wanawake wachache. Mimi naitwa Scholastika. Nimezaliwa Mgeta, kwenye makabichi na njegere, na ndoa ndiyo iliyonishusha mjini. Kushoto kwangu anakaa huyo Angelina, ambaye mdomo wake hauna siku ya mapumziko, hata Kwaresima. Kulia kwangu anakaa Bi Mwanahawa, mtu wa Matombo, mjane, amenizidi umri kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika uzi. Nilipokuja sikujua hata kufunga fundo la kumalizia. Kila chambo changu kilikuwa kinafunguka kichwani kama kilemba cha mlevi. Alinishika vidole, akanionyesha, akanirudia, wala hakuniambia kwamba nimechelewa kujifunza. Kwa hilo pekee nimemtaja Bi Mwanahawa kwenye sala zangu za asubuhi tangu wakati huo mpaka leo.

Siku hiyo chumba kizima kilikuwa kwenye mfungo. Ramadhani na Kwaresima zilikuwa zimeingia karibu pamoja, na birika la chai lilikuwa limepinduliwa kwenye kona. Sisi wafungaji tuna mazoea ya kulowesha vidole kwa ulimi ili kulaza manyoya. Mwezi wa mfungo Bi Mwanahawa huweka mbele yake kizibo cha soda chenye maji, anachovya humo. Na sisi Wakristo tuliona aibu kulamba vidole pembeni yake, tukaweka vizibo vyetu.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa," nilimsalimu nilipoketi.

"Marahaba, mwanangu. Mlimani mvua?"

"Huko ni mvua tu. Siwezi hata kuona kwetu."

Nilimtazama mikono. Ncha za vidole vyake, kile cha shahada na dole gumba, zilikuwa nyekundu na zimepasuka. Aliona naangalia, akavificha kwenye mtandio.

"Tazama kazi yako," alisema.

Lazima nieleze habari ya gundi, maana ndiyo iliyotaka kututenganisha.

Zamani tulifunga vyambo vidogo tu. Chambo kidogo hakihitaji gundi nyingi. Unamaliza kufunga, unachovya ncha ya sindano kwenye vanishi, unadondosha tone moja kichwani, basi. Vidole havigusi. Lakini tangu mwanzo wa mwaka Bwana Twalibu alikuwa amepata wateja wenye kambi za uvuvi kule mto Kilombero, ambako kuna samaki mkali, meno yake yanachomoza nje ya mdomo. Samaki huyo akikiuma chambo cha kawaida anakirudisha kikiwa ndoano tupu. Kwa hiyo vyambo vyake ni vikubwa, kama kidole cha mtu mzima, na kila tabaka la nywele linawekwa gundi kabla ya kufunga tabaka jingine. Bwana Twalibu alichagua supa gluu. Inakauka haraka, alisema, na inashika.

Inashika kweli. Inashika nywele, inashika uzi, na inamshika mfungaji. Huwezi kubana nywele zenye gundi mbichi bila kugusa gundi. Ikikauka kwenye ngozi inakuwa kama gamba la kioo, na maji hayapiti. Mimi na Angelina tulikuwa tunalalamika kidogo, tunabandua magamba tukitazama dirishani, tunaendelea. Bi Mwanahawa asingeweza kuendelea hivyo. Anaposali adhuhuri na alasiri ni lazima atawadhe, na udhu unataka maji yafike kwenye ngozi yenyewe. Kwa hiyo kila adhuhuri alikwenda bombani na kipande cha msasa na wembe, akajikwangua mpaka damu.

Siku hiyo aliporudi kutoka kusali, aliketi akafunga chambo kimoja, akakitazama, akakiweka chini taratibu. Bwana Twalibu alikuwa amesimama mlangoni akikagua manyoya.

"Twalibu, baba," alisema Bi Mwanahawa. "Nimefikiri sana. Nitamaliza mwezi huu mtukufu. Sikukuu ikipita, mimi nakaa nyumbani."

Bwana Twalibu aliyaweka manyoya chini.

"Bi Mwanahawa, kwa sababu ya gundi?" aliuliza Bwana Twalibu.

"Kwa sababu ya gundi."

"Lakini si ulimuuliza ustadhi? Akakwambia kilichoshindikana kutoka bila kujiumiza, Mungu anasamehe."

"Aliniambia, na nimemshukuru. Hayo ni ya mtu aliyepatwa na jambo. Mimi sijapatwa, baba. Mimi kila asubuhi najipaka mwenyewe, nikijua adhuhuri inakuja. Moyo wangu unakataa."

"Vaa glavu," alisema Angelina.

"Nilivaa, hukuniona? Chambo kikaganda kwenye glavu, nikawa na kidole chenye mkia wa mbuzi."

Tulicheka, naye akacheka, lakini Bwana Twalibu hakucheka. Yeye naye ni mtu wa kusali.

"Na ile dawa ya kufutia rangi ya kucha niliyokuletea?"

"Inatoa gundi na ngozi yangu pamoja. Hii hapa." Alimwonyesha vidole. Bwana Twalibu aliviangalia, akageuza uso.

"Nikirudi kwenye vanishi peke yake, mteja atakataa," alisema kwa sauti ya chini. "Bila gundi ya ndani samaki yule atakula kila kitu. Nitafutieni njia. Mkiipata kabla ya sikukuu, mimi naikubali. Ila lazima ishinde majaribio yangu, sitaki huruma iingie humo."

"Haki," alisema Bi Mwanahawa, akachukua tena chambo chake.

Nilirudi kwenye kazi yangu lakini sikuona ninachofunga. Bi Mwanahawa hapendi kukaa nyumbani. Watoto wake wako mbali, na aliwahi kuniambia kwamba siku za Jumapili, chumba kikiwa kimefungwa, hutafuta kitu cha kufunga mpaka anafunga mafundo kwenye pindo za khanga. Na mimi nilikuwa na deni la shukrani ambalo halina kipimo. Tangu nianze masomo ya jioni, kila siku ya darasa yeye ndiye aliyekuwa akinimalizia mabawa ya vyambo vyangu, maana mabawa ndiyo yanayonichelewesha, ili nitoke mapema nifike kwa wakati. Sikumwomba. Alivuta tu sahani yangu ya ndoano upande wake, akasema, "Nenda kasome, mabawa niachie."

Nikiwa njiani kurudi nyumbani jioni ile nilisali rozari yangu kama kawaida. Nilipomaliza niliongeza ombi moja. Nilimwomba Mungu atupatie gundi. Sikuona aibu kumwomba kitu kidogo hivyo, kwa kuwa hata ndoano na samaki Mwenyezi Mungu anavijua.

Kesho yake nilimweleza Angelina. Akaniangalia.

"Umemwomba Mungu gundi?"

"Ndiyo."

"Ya chupa au ya bomba?"

"Angelina!"

"Nauliza tu, asije akaleta isiyo yenyewe."

Bi Mwanahawa alikuwa anasikia, na ombi lile likamfungua kinywa. Alisema kwamba kama ni kumwomba Mungu, basi tuanze na alivyokwisha kutupa. Kwao Matombo kuna mafenesi kila mahali. Utomvu wa fenesi watoto wanaufanya ulimbo wa kunasia ndege. Ndege akikanyaga haondoki. Mvua ikinyesha ulimbo uko pale pale. "Kitu kinachomshika ndege mvuani," alisema, "kitashindwa kushika mkia wa mbuzi mtoni?"

Tuliona ni maneno ya maana. Kesho yake alikuja na utomvu kwenye kopo, ameuchemsha vizuri mpaka umekuwa mzito, rangi ya asali. Tukaanza.

Nashukuru kwamba siku hiyo Bwana Twalibu alikuwa amekwenda mjini. Utomvu ulishika nywele, kweli. Ukashika manyoya, uzi, mkasi, jiliwa linalobana ndoano, na kitambaa cha meza. Ulivutika kutoka kidole kimoja hadi kingine kama utando. Haukukauka. Kila nywele iliyokuwa ikielea chumbani ilikuja kutua juu ya vyambo vyetu, mpaka vikafanana na panya waliotoka kwenye masizi. Angelina alijikuna shavu, akabaki na unyoya wa jogoo usoni.

"Msinicheke," alisema. "Nimeanza kuota manyoya, mimi nitataga."

Mikono ya Bi Mwanahawa ilikuwa mibaya kuliko ilivyowahi kuwa. Na adhuhuri ilikuwa imekaribia. Nilikimbia jikoni kwa mke wa Bwana Twalibu, nikaomba mafuta ya nazi, kwa kuwa kila aliyewahi kumenya fenesi anajua kwamba utomvu wake unatoka kwa mafuta. Ukatoka. Akanawa kwa sabuni, akaenda kutawadha bila msasa wala wembe. Aliporudi uso wake ulikuwa mweupe kwa furaha.

"Umeona, Skola? Bila kidonda!"

Ndipo tukakosea. Kwa furaha ile tuliamua kwamba siri ni mafuta. Kama mafuta yanazuia utomvu usigande mkononi, tulisema, basi tujipake mafuta kwanza, halafu tufanye kazi na supa gluu yenyewe, nayo itatoka kama utomvu. Sote watatu tulijipaka. Tulifunga alasiri nzima, tunateleza, tunacheka, tunasifiana.

Bwana Twalibu aliporudi alichukua chambo kimoja, akavuta mkia kwa vidole viwili tu. Mkia ukatoka wote. Akachukua kingine. Kichwa kikateleza kikafuata ndoano mpaka mwisho, kama soksi. Akakinusa.

"Mmepika?" aliuliza.

Mafuta yalikuwa yameingia kwenye uzi na nywele, na gundi haikupata pa kushika. Kazi yote ya alasiri ile tuliifungua kwa wembe ili tuokoe ndoano. Bwana Twalibu hakutugombeza. Alivuta kiti akakaa akafungua pamoja nasi. Bi Mwanahawa alifungua mpaka chambo cha mwisho. Kisha alisema, "Nimewaharibia kazi."

"Tumeharibu wote," nilimjibu.

"Mimi ndiye niliyeleta fenesi."

"Na mimi ndiye niliyeleta mafuta."

"Na mimi nilileta shavu," alisema Angelina.

Lakini nilipomtazama Bi Mwanahawa niliona kwamba moyoni alikuwa ameshaondoka. Alikuwa anapanga vitu vyake mezani kama mtu anayemwandalia mwingine nafasi.

Jioni hiyo nilikuwa na darasa. Tunasoma kwenye shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa mbao. Wengi wetu ni watu wazima. Nyuma yangu hukaa Kasiani, fundi seremala, ambaye ana wajukuu. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa na glasi za maji mezani. Aliweka chumvi kwenye maji, ikayeyuka. Aliweka kipande cha mshumaa kwenye maji, kikakaa kama kilivyo. Akachukua kipande kingine akakiweka kwenye mafuta ya taa, akasema tukitazame mwisho wa somo. Akatueleza kwamba kitu hakiyeyuki popote tu. Kila kitu kina kimiminika chake kinachokiyeyusha, na kingine hakifui dafu.

Nilikuwa naandika kama wengine, mara kalamu ikasimama. Sisi siku zote tulikuwa tunauliza gundi gani inashika zaidi. Hatukuwahi kuanza na swali la pili: inatoka kwa nini? Supa gluu inatoka kwa dawa ya kucha. Utomvu unatoka kwa mafuta. Vanishi inatoka kwa mafuta ya taa. Bi Mwanahawa alikuwa anahitaji gundi inayotoka kwa maji, kwa kuwa maji ndiyo anayokwenda nayo kwenye sala. Lakini gundi inayotoka kwa maji utaiwekaje kwenye kitu kinachoishi majini?

Nilinyoosha mkono. Huwa naogopa kuuliza, lakini siku hiyo nilisimama kabisa.

"Mwalimu, kuna gundi ambayo ikiwa mbichi inatoka kwa maji, lakini ikishakauka maji hayaiwezi?"

Darasa likacheka. Mmoja akasema, "Mama anataka gundi yenye tabia ya mchumba: kabla ya ndoa laini, baada ya ndoa chuma."

Mwalimu alicheka pia, lakini alifikiri. Alisema inawezekana, kwa sababu kuna vitu vinavyobadilika vikikauka, visirudi tena vilivyokuwa, kama udongo uliokwisha kuchomwa ukawa tofali. Jina la gundi hiyo hakulijua.

"Ipo," ilisema sauti nyuma yangu. Alikuwa Kasiani. "Ninayo kibandani."

Baada ya darasa alinieleza tukiwa getini. Kuna gundi nyeupe ya mbao ya kawaida, ambayo mafundi wanaitumia kwenye meza na vitanda. Hiyo ukiiloweka inarudi kuwa uji. Lakini kuna nyingine, rangi yake inaelekea njano kidogo, wanaitumia kwenye milango ya nje na madirisha yanayopigwa na mvua. Ikiwa mbichi unanawa kwa maji tu. Ikikauka, mvua ya Morogoro hii inapita juu tu.

"Na mikononi ikikauka kabla hujanawa?"

"Inabanduka yenyewe, kama ganda la kitunguu. Haiingii kwenye ngozi kama supa gluu." Akanionyesha mikono yake. Ilikuwa ya fundi, ina sugu, lakini haikuwa na gamba. "Ila mama, ina uvivu. Masika hii itataka muda kukauka."

Nilimshukuru Mungu papo hapo, pale getini, kwa sauti. Kasiani akavua kofia, akadhani nimeanza sala ya kufunga.

Asubuhi yake alipita Bigwa na kopo. Tulijaribu taratibu safari hii, bila kusifiana. Kwanza ilikuwa nzito mno. Ilikaa juu ya uzi kama maziwa mgando badala ya kuingia ndani. Bi Mwanahawa alichovya ncha ya sindano kwenye kizibo chake cha maji, akaongeza tone, akakoroga, akaongeza jingine. Ikaanza kunyweka kwenye uzi. Aliweka tabaka la nywele, akapaka, akabana kwa vidole, akafunga, kisha akaenda kwenye tabaka la pili. Haikutoa ule moshi wa supa gluu unaochoma macho, wala haikuyafanya manyoya kuwa meupe kama yamepigwa na baridi. Kila baada ya chambo kimoja alichovya vidole kwenye bakuli la maji, akafuta na kitambaa. Adhuhuri ilipofika alinyoosha mikono mbele yetu, pande zote mbili, kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni. Ilikuwa safi. Vidonda tu ndivyo vilivyobaki, na vilikuwa vimeanza kufunga.

"Alhamdulillah," alisema.

"Amina," nilisema mimi.

Kwa kuwa gundi ile ni mvivu, tuliviacha vyambo vikauke kwa muda wa kutosha, vimechomekwa kwenye ndala kuukuu juu ya rafu. Kisha Bwana Twalibu akaviloweka kwenye ndoo, vyake Bi Mwanahawa pamoja na vya Angelina alivyofunga kwa supa gluu, vikalala humo. Asubuhi ya majaribio Kasiani naye alikuja, kwa sababu alitaka kuona gundi yake inapambana na samaki. Bwana Twalibu alikuwa na koleo lenye meno.

Alianza na cha Angelina. Alikiuma kwa koleo, akakitikisa kama samaki anavyotikisa kichwa. Mara ya kwanza kikashika. Mara ya pili tulisikia kitu kikivunjika, ta! kama ukucha. Nywele zikatoka fungu zima.

"Imekuwa kioo," alisema Bwana Twalibu, akikigeuzageuza. "Inashika, lakini haikunjiki. Sikuwahi kuiminya hivi." Alionekana kama mtu aliyejionea mwenyewe jambo alilokuwa akiambiwa.

Akachukua cha Bi Mwanahawa. Yeye alikuwa amesimama karibu na dirisha, midomo yake inasoma. Mimi nilishika rozari yangu mfukoni. Koleo liliuma. Bwana Twalibu akatikisa, akavuta, akapindua, akauma upande mwingine. Mwili wa chambo ulijikunja kisha ukarudi. Zilitoka nywele mbili tatu tu. Akakiuma tena kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, Angelina akasema, "Baba, huyo samaki sasa ana hasira binafsi."

"Kimeshika," alisema Bwana Twalibu.

Tulipiga vigelegele. Kasiani akapeana mikono na kila mtu, kana kwamba ni harusi yake. Lakini Bwana Twalibu alikuwa bado anatazama kichwa cha chambo. Alikibonyeza kwa ukucha.

"Ngojeni," alisema. "Hapa juu pamekuwa na ukungu. Na ukucha unaingia kidogo. Ndani iko imara, lakini juu maji yameigusa." Akamtazama Bi Mwanahawa kwa huzuni. "Lazima ivalishwe vanishi juu. Mwili mzima na kichwa, mizunguko miwili. Bila vanishi, siku ya tatu mtoni gundi hii italegea."

Sote tulielewa. Vyambo hivi vikubwa havipakwi tone moja kwa sindano. Lazima uvishike, uvizungushe kwa vidole huku unapaka kwa brashi, na vanishi inateremka mpaka kwenye kucha. Na vanishi haitoki kwa maji.

Bi Mwanahawa aliisogeza kando sahani yake ya ndoano. Kisha alianza kuvua kitambaa chake cha kazi begani.

"Basi," alisema kwa upole. "Mmejaribu, na Mungu ameona. Mimi sina kinyongo na mtu. Gundi imepatikana, itawafaa nyinyi."

"Bi Mwanahawa, kaa," nilisema.

"Mwanangu, umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Vanishi si lazima apake yule aliyefunga. Wewe funga, mimi nitapaka. Nitakaa na brashi jioni, baada ya alasiri, nivivalishe vyote kwa pamoja."

"Una darasa."

"Siku za darasa nitapaka asubuhi kabla hamjafika. Mimi naamka na misa."

Bwana Twalibu alisema kwamba hata kwa kazi ni bora hivyo, vanishi ipakwe wakati mmoja, mkono mmoja, vyambo vyote vifanane. Lakini Bi Mwanahawa alikuwa ananitazama mimi tu.

"Skola, nisikilize. Huu ni mwezi wa toba kwetu, na nyinyi mko kwenye Kwaresima. Kila mtu moyo wake ni laini. Pasaka itapita, Idi itapita. Siku moja utakuwa umechoka, kichwa kinakuuma, utaiona sahani yangu imejaa, utasema huyu mzee ananitumikisha kwa sababu ya dini yake. Sitaki kukaa hapa nikiusoma uso wako kila jioni. Bora niondoke leo tunapendana."

Nilitaka kumjibu haraka, nikajizuia. Alisema kweli. Wema wangu naujua, una siku zake.

"Basi usinipe bure," nilisema. "Wewe utaendelea kufunga mabawa yangu, yote, maana mimi na mabawa hatujapatana. Itakuwa kazi kwa kazi. Mimi nikinuna, na wewe unune kwenye mabawa."

"Mabawa yako hata bila makubaliano huwa nayafunga," alisema, lakini nilimwona akitabasamu.

"Ndiyo maana nataka yawe makubaliano. Nimechoka kuyapokea kama sadaka."

"Yaani mnafunga ndoa," alisema Angelina. "Mashahidi tupo."

"Mashahidi ndio ninaowataka," alisema Bi Mwanahawa, naye hakuwa anatania. Alirudisha kitambaa begani, akaketi, akaweka mikono yake miwili mezani. "Twalibu, baba, sogea. Fundi, na wewe sogea usikie. Angelina, nyamaza. Skola, kama unasema kweli, simama uwaambie hawa, si mimi. Wakisikia wao kwa masikio yao, nitakaa."

Nilisimama. Bwana Twalibu alikuwa bado ameshika chambo mkononi, maji yanadondoka. Kasiani alivua kofia, na safari hii alikuwa sahihi. Nilifanya ishara ya msalaba, nikasema kwa sauti ili hata mke wa Bwana Twalibu aliyekuwa jikoni asikie:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu wote, mimi Scholastika naahidi. Chambo chochote atakachofunga Bi Mwanahawa, vanishi yake nitapaka mimi, wakati wa mfungo na wakati wa kula, masika na kiangazi, siku tunapoelewana na siku tukigombana. Na nikiugua, nitamtafuta mtu wa kushika brashi yangu. Bi Mwanahawa hataishika."